Sahihi ya Mtu Asiyekuwepo

Ofisini walimwita Bi Muhuri, na mwenyewe hakuchukia. Alikuwa ametimiza miaka kumi na moja katika bodi inayosajili wasanifu wa mandhari, kwenye chumba cha ghorofa ya pili chenye makabati manne ya chuma, dirisha lisilofunga vizuri, na kiti ambacho mguu wake mmoja uliwekewa kadibodi ili kisiyumbe. Hakuna leseni iliyotoka pale bila kupita mikononi mwake. Akikuta fomu imejazwa ovyo aliirudisha, mwenye fomu awe kijana wa jana au mzee mwenye jina kubwa, na hao wenye majina makubwa ndio waliomnunia zaidi.

Watu wengi wakisikia msanifu wa mandhari hudhani ni mtu wa kupanda maua. Mume wake mwenyewe, fundi umeme wa hospitali, alimtania miaka yote kwamba ameoa mtunza bustani aliyesoma. Lakini kazi yenyewe ina uzito wake. Ni kujua mvua ikinyesha maji yatapita wapi, kilima kikikatwa udongo utasimama vipi, mtu wa kiti cha magurudumu ataingiaje kliniki, na mti unaopandwa leo utaufanya nini msingi wa nyumba baada ya miaka ishirini. Msanifu akikosea, watu huumia. Ndiyo maana kuna mitihani, kuna maelfu ya saa za mazoezi chini ya msimamizi mwenye leseni, na hata ukishaipata leseni hujamaliza. Kila baada ya miaka miwili unatakiwa uonyeshe kwamba bado unajifunza. Semina, kozi, ziara za viwanjani, kila moja ina alama zake, na alama zisipotimia leseni haihuishwi.

Bodi haikuwa na watu wa kukagua kila cheti. Ilichagua jina moja katika kila kumi, kwa bahati nasibu, na waliochaguliwa walitakiwa walete ushahidi wao wote. Mwaka huo kompyuta ilitoa majina thelathini na manne. La kumi na tisa lilikuwa la Mwalimu.

Kila mtu katika fani ile alimwita Mwalimu, hata wale ambao hakuwafundisha. Bi Muhuri alimfundisha hasa. Enzi hizo alikuwa msichana mwembamba aliyeshindwa mtihani wa bodi mara mbili, na mara zote mbili katika sehemu ileile, ya maji na miinuko ya ardhi. Mara ya pili alikaa chini kwenye korido ya chuo, mgongo ukutani, akiwa ameshaamua kwenda kuuza vitambaa dukani kwa mama yake mdogo. Mwalimu alimkuta hapo. Hakumpa pole.

“Viatu vyako vina soli?” alimuuliza.

“Vina.”

“Basi inuka twende.”

Alimpeleka kwenye mteremko mtupu nyuma ya nyumba za wafanyakazi, na dumu la maji la lita ishirini. Walilimwaga juu kidogo kidogo, wakayafuata maji yalivyoshuka, wakarudi tena juu, mpaka dumu likaisha na nguo zikachafuka. “Usichore kitu,” alimwambia, “mpaka umeyaona maji yakiamua.” Walifanya hivyo wiki sita. Mtihani wa tatu aliupita. Kisha Mwalimu akawa msimamizi wake wa mazoezi, na sahihi iliyomfungulia mlango wa kazi ilikuwa ya mzee huyo.

Kwa hiyo alilifungua jalada lake kwa furaha, kama mtu anayefungua barua ya nyumbani. Lilikuwa safi kama alivyotarajia. Vyeti vinne, kila kimoja ndani ya plastiki yake. Cha tatu kilikuwa cha ziara ya siku nzima, mwezi wa sita, kwenye kilima kilichokuwa kimeporomoka, na nyuma yake kulikuwa na nakala ya karatasi ya mahudhurio. Sahihi ya Mwalimu ilikuwepo ya asubuhi, ikawepo na ya mchana.

Bi Muhuri alisoma tarehe mara ya pili. Halafu akasoma majina mengine kwenye karatasi ile, na katika mstari wa saba akalikuta la kwake.

Yeye alikuwepo siku ile. Walikuwa watu ishirini na wawili, mabuti yamejaa matope, wakapanda na kushuka kutwa nzima. Alikumbuka kabisa kwamba alimuuliza mwandaaji, “Mwalimu hakuja?” naye akajibiwa kwamba labda mzee amechoka. Aliyekuja ni binti yake, kavaa koti la mvua la njano, anapiga picha, na kila mahali anasimama kuinong’oneza simu yake maelezo marefu: hapa udongo mwekundu, hapa ufa wa upana wa kiganja, hapa maji yanatokea chini ya jiwe. Bi Muhuri alidhani binti anajirekodia mwenyewe asisahau.

Aliliweka jalada pembeni. Akafanya mawili mengine, akalirudia. Sahihi ilikuwa bado ipo.

Jioni alimkuta mume wake anapiga pasi mashati yake ya kazi, akamweleza bila kutaja jina, ingawa baada ya ndoa ya miaka ishirini na mitano jina halikuhitaji kutajwa.

“Labda mlipishana,” mume alisema.

“Watu ishirini na wawili kwenye kilima kisicho hata na kichaka. Tungepishana wapi?”

“Basi mpigie umuulize.”

“Nikimpigia nitakuwa nimemtahadharisha.”

“Na usipompigia utakuwa umeshamhukumu.” Aligeuza shati, akaanza mkono wa pili. “Mimi nikikuta waya umeungwa vibaya wodini, na nikamjua aliyeuunga kuwa rafiki yangu, nazima kwanza. Kuongea naye ni baadaye. Lakini kuzima, nazima.”

“Yule si waya.”

“Najua, mke wangu. Ndiyo maana hujala.”

Asubuhi yake alifanya kama kanuni zinavyotaka: alimwandikia Mwenyekiti wa bodi kwamba mkaguliwa ni mwalimu wake na aliyekuwa msimamizi wake, akaomba atolewe kwenye shauri hilo. Mwenyekiti, mtu mnene, mpole, ambaye mdomoni hakukosi pipi, alisoma barua ile akaishusha mezani.

“Nikikutoa wewe nitamweka nani? Nitafutie mtu mmoja kwenye jengo hili ambaye mzee huyu hakumfundisha. Mimi mwenyewe alinifanya nirudie mwaka mzima.” Alihamisha pipi kwenye shavu la pili. “Nenda ukamsikilize. Uamuzi ni wa kamati, na wewe kura hutapiga.”

Ofisi ya Mwalimu ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake, mtaa uliopinda, karibu na kiwanda cha matofali. Kabla Bi Muhuri hajafika mlangoni, lori lilipita kwenye dimbwi likamrushia tope kuanzia kiunoni hadi kwenye pindo la gauni. Alifika hivyo hivyo, anatona. Binti alifungua, akalitazama gauni, akafungua mdomo kusema neno.

“Ni nani?” sauti ilitoka ndani.

“Ni mimi, Mwalimu. Shikamoo.”

“Marahaba, marahaba! Karibu, mwanangu.” Mzee alisimama nyuma ya meza, suruali imenyooshwa vizuri, ndevu zimechongwa. Alitabasamu kuelekea begani kwake. “Umependeza, kama kawaida yako.”

Binti aliinamisha macho sakafuni. Bi Muhuri alitazama tope linavyodondoka kwenye zulia.

Alikaribishwa kiti. Mwalimu alimimina chai mwenyewe, kidole kimoja amekikunja kwenye ukingo wa kikombe, akasita chai ilipokigusa kidole. Mezani, badala ya karatasi, kulikuwa na ubao mpana uliobandikwa nyuzi kwa gundi, uzi juu ya uzi, zikipinda na kukaribiana. Bi Muhuri alichukua muda kutambua kuwa ile ni ramani. Kila uzi ulikuwa mstari wa mwinuko mmoja wa ardhi.

“Mwalimu,” alisema, “nimekuja kwa kazi. Jina lako limetoka kwenye ukaguzi wa mwaka huu.”

“Nililetewa barua. Si nilileta vyote?”

“Vyote vipo. Nakuuliza kuhusu ziara ya kilimani, mwezi wa sita. Ulikwenda?”

“Sahihi yangu si ipo?”

“Sahihi ipo. Na mimi nilikuwepo.”

Kijiko kilikuwa kinazunguka ndani ya kikombe. Kikasimama.

“Binti yangu,” mzee alisema, bila kugeuza kichwa, “hebu kanunue sukari.”

“Sukari ipo, baba.”

“Kanunue nyingine.”

“Siendi, baba. Nitakaa hapa.”

Mwalimu alinyamaza. Alikuwa na namna yake ya kunyamaza, wanafunzi wake wote waliijua: unaona umeshakosea kabla hujaambiwa kosa. Lakini safari hii kunyamaza kwenyewe kulimwishia. Akakaa, akaweka viganja vyote viwili juu ya zile nyuzi.

“Ni presha ya macho,” alisema. “Mwaka wa nne huu. La kushoto liliondoka kwanza, tena polepole, nikawa nadhani ni miwani. La kulia linaona mwanga na kivuli. Wewe hapo ni kivuli, na dirisha ni mwanga. Leseni ya gari niliirudisha mwenyewe, siku ileile daktari aliponiambia. Nilipanda teksi nikaipeleka. Hii nyingine nikashindwa.”

“Kwa nini, Mwalimu?”

“Nikiirudisha hii, kesho asubuhi nikiamka niwe nani?”

Binti ndiye aliyeendelea, sauti ndogo. Aliyehudhuria semina zote ni yeye. Alirekodi kila kitu, akirudi baba anasikiliza mara tatu, mara nne, anauliza maswali ambayo hata mtoa mada asingeyaweza. “Anajifunza kweli, dada. Mtihani wowote mngempa kwa mdomo angepita. Sahihi naweka mimi, lakini kusoma anasoma.”

“Na wewe saa zako za mazoezi ya leseni, unazifanya chini ya nani?”

“Msimamizi ni baba.”

Mzee alitaka kuonyesha kwamba hakuwa amekufa. Alimshika Bi Muhuri mkono, akamwekea vidole kwenye ubao, akampitisha juu ya nyuzi. Hapa mgongo wa kilima, hapa bonde, hapa wamechora njia kali kiasi kwamba mama mwenye mtoto mgongoni atapumzika mara mbili. Ulikuwa mchoro wa mtu mwingine, alioletewa atoe ushauri, na kosa hilo wenye macho watatu walilipita. Kwa dakika chache Bi Muhuri alikuwa tena kule mteremkoni na dumu la maji, na moyo wake ukaanza kumtafutia njia. Si angeweza kuripoti kwamba cheti kimoja kina kasoro? Apewe onyo, aandike barua ya kustaafu, yaishe kwa heshima?

Akauliza swali ambalo lilikuwa lazima aliulize. “Mwalimu, una michoro mingapi yenye muhuri wako inayojengwa sasa hivi?”

“Mmoja. Shule ya msingi, iko kwenye mteremko. Wameanza kuchimba.”

“Kiwanja ulikikagua?”

“Nilikwenda.”

“Ulikiona?”

Mwalimu aliondoa mkono wake juu ya mkono wa Bi Muhuri. Bi Muhuri akainuka, akaaga.

Binti alimsindikiza hadi nje, akavuta mlango nyuma yake. Walisimama kwenye kibaraza chembamba kilichopangwa vyungu vya mimea. Alikuwa anabana vidole vyake kimoja kimoja.

“Dada, ile shule.”

“Sema.”

“Kuna mtaro unaotoa maji uwanjani kuyapeleka barabarani, upande wa chini. Kimo cha barabara nilikipima mimi. Nikamsomea baba namba. Akasema nimekosea, pale ni chini zaidi, anapafahamu tangu enzi zake. Ni kweli palikuwa chini. Lakini barabara iliinuliwa walipoweka lami. Nilimwambia mara moja. Akanyamaza vile anavyonyamaza. Sikurudia.”

“Mchoro ukatoka na namba ya nani?”

“Ya kwake.”

“Mvua ikinyesha maji yataenda wapi?”

“Yatarudi. Kwenye madarasa ya chini.” Akaongeza, “Ya watoto wadogo.”

“Na hukumwambia mtu?”

“Ningemwambia nani, dada? Ningeanzaje bila kumtaja baba?” Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. “Nilikuwa nasubiri wafike pale waone wenyewe. Kila siku nawaza leo watagundua.”

Bi Muhuri alimshika mabega. Alikuwa binti aliyemjua tangu akivaa sare za shule. “Mdogo wangu, nisikilize. Mimi nikitoka hapa naandika, leo hii, sitangoja kesho. Ingia ndani umwambie baba yako mwenyewe, asije akasikia kwa mtu mwingine.”

“Hatanisamehe.”

“Inawezekana. Ingia.”

Alipanda basi akiwa amesimama, gauni limemkaukia matope. Vituo kumi na viwili. Alijitetea, akajishtaki, akajitetea tena. Pengine zege lisingemwagwa mwezi huu. Pengine mkandarasi angeligundua. Pengine angempa mzee siku mbili akaandike barua yeye mwenyewe, ionekane kajitoa kwa hiari, na historia yake ibaki nzima. Alifika ofisini saa tisa, akakaa kwenye kile kiti, akaandika kurasa mbili, akampelekea Mwenyekiti kwa mkono wake. Mwenyekiti alisoma amesimama. Alipofika mwisho alitoa pipi mdomoni, akaifunga kwenye karatasi, akanyanyua simu kuuliza nani mwenye leseni aliye karibu na ile shule.

Uchimbaji ulisimamishwa siku iliyofuata. Msanifu aliyetumwa alipima mara tatu. Mtaro ule ungemwaga maji chini ya usawa wa barabara kwa sentimita sitini, yaani usingemwaga kabisa. Zege lilikuwa limepangwa kumwagwa siku nne mbele. Walihamisha njia ya maji, wakaipitisha upande wa pili wa uwanja, na kazi ikaendelea.

Kamati ilikaa baada ya wiki tatu, katika chumba cha mikutano chenye meza ndefu. Mwalimu alikuja na suti ya kahawia, mkono mmoja kwenye kiwiko cha binti yake. Hakuleta wakili. Mashtaka yaliposomwa aliulizwa kama ana la kusema, akasimama, akafunga kifungo cha koti, akaanza kulihutubia kabati la majalada.

Watu watano wa kamati walitazamana. Hakuna aliyethubutu.

“Mwalimu,” Bi Muhuri alisema kutoka kiti chake cha mwandishi, “kamati iko kuliani kwako.”

Mzee aligeuka. “Ahsante,” alisema. “Basi hilo ndilo shauri lenyewe, sina haja ya kuongeza mengi.” Lakini aliongeza. “Nimefundisha miaka thelathini kwamba usiamini unachokikumbuka, nenda kapime. Binti yangu alikwenda, akapima, akaniletea namba sahihi, mimi nikaikataa kwa sababu nilikuwa nakumbuka. Si macho yaliyokosea hapo. Macho yangekuwa mazima huenda ningekosea vilevile, ila ningekwenda kuangalia, nikajionea. Sasa sikuwa na pa kujionea. Naomba jambo moja tu. Saa za huyu mtoto msizifute. Kazi aliifanya.”

Mwenyekiti alijibu kwa upole, na upole wake haukubadilisha kitu. Saa za mazoezi zina maana kwa sababu kuna anayekagua kazi ya mwanafunzi. Mwaka wa kwanza, Mwalimu alipokuwa bado anaona kwa jicho moja, ungehesabiwa. Mitatu iliyofuata isingehesabiwa. Binti alipewa pia onyo la maandishi kwa kusaini mahudhurio ya mtu mwingine, na akaruhusiwa kuanza upya chini ya msimamizi mwingine. Mwalimu aliondolewa kwenye orodha ya wasanifu. Hakustaafishwa, aliondolewa, na neno hilo liliandikwa kama lilivyo.

Binti aliuliza swali moja tu. “Naruhusiwa kuanza lini?”

“Hata kesho.”

Muhuri wenyewe Mwalimu alikuwa ameuleta, kaufunga kwenye leso. Aliutoa mfukoni akauweka mezani kabla hajaombwa. Kanuni inataka anayerudisha muhuri asaini, na mwandishi apokee, kwa hiyo Bi Muhuri ndiye aliyekwenda kusimama karibu yake, akamwekea karatasi, akamwekea kidole mahali mstari unapoanzia. Mzee alisaini vizuri, mstari umenyooka kuliko wa wengi wenye macho yao. Bi Muhuri alisubiri watu watoke, akaingia choo cha wanawake, akafungua bomba, akaacha maji yatiririke muda mrefu ili mtu akipita asisikie kitu kingine.

Baada ya hapo Mwalimu hakutaka kumwona. Alikwenda mara mbili, mara zote mbili akaambiwa mzee amelala, na mara ya pili alimsikia akikohoa sebuleni. Katika fani maneno yalikuwa mengi. Wapo waliosema amemuuza mwalimu wake apandishwe cheo. Cheo hakikupanda. Msanifu mmoja mzee, ambaye walikuwa wakitaniana kila wakikutana, alimpita kwenye ngazi kana kwamba amepita nguzo.

“Mimi nitakuwa nakusalimu mara mbili,” mume wake alimwambia, “ili hesabu itimie.”

Bi Muhuri akacheka kidogo, halafu akalia kidogo, mume akazima redio wakakaa.

Ilipita miezi saba. Siku moja mchana simu ya mezani ililia, akainua.

“Ni mimi,” sauti ilisema, na haikujieleza zaidi.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba. Nasikia mmetoa mwongozo mpya wa maji ya mvua.”

“Ndiyo. Kurasa mia na arobaini.”

“Ameandika nani?”

“Kamati.”

“Ndiyo maana ni kurasa mia na arobaini. Binti yangu ameajiriwa, akirudi anasoma ya mtihani wake, sitaki kumsumbua. Simu inaweza kunisomea, lakini inasoma kama karani wa mahakama mwenye njaa. Njoo unisomee wewe.”

Akaanza kwenda kila Alhamisi akitoka kazini. Alisoma, mzee akasikiliza, kidevu kifuani, akiinua mkono anapotaka sentensi irudiwe. Wiki za mwanzo hawakuzungumza lolote nje ya kurasa zile. Wiki ya tano, katikati ya sura ya mabwawa, Mwalimu aliuliza ghafla:

“Siku ile uliandika saa ngapi?”

Bi Muhuri hakuuliza siku gani. “Saa tisa.”

“Uliwaza kungoja?”

“Niliwaza. Njia nzima kwenye basi.”

“Na wao zege walikuwa wamwage wiki ileile.”

“Ndiyo.”

“Najua. Niliuliza.” Alipapasa mkono wa kiti. “Nilikuchukia sana, nisikufiche. Sasa nimechoka kukuchukia. Imebaki kidogo, labda itaisha, labda nitakwenda nayo.”

“Sawa, Mwalimu.”

“Endelea. Ulikuwa kwenye mabwawa.”

Binti alimaliza saa zake kwenye kampuni upande wa pili wa mji, chini ya mwanamke mkali aliyemfanya apime kila kitu mara mbili. Mtihani wa kwanza alifeli sehemu ya mikataba. Wa pili alipita. Jina lake lilipoingia kwenye orodha, aliyeliandika ni mtu mwingine, kwa sababu Bi Muhuri aliomba asilishughulikie jalada lile hata kidogo. Alisikia habari kama wengine walivyosikia, akampigia binti simu, wote wawili wakalia, mpaka binti akasema, “Dada, niko barabarani, watu wananitazama.”

Mwongozo waliumaliza, wakaanza mwingine, kisha ripoti za semina, kisha kitabu kinene cha udongo ambacho Mwalimu alisema alijifanya amekisoma miaka ishirini iliyopita. Kwenye ukurasa wa sitini na moja wa ule mwongozo wa maji aligundua jedwali lenye namba iliyopinduliwa, akabishana na Bi Muhuri majuma mawili, akamlazimisha aandike barua kwa kamati. Kamati ilirekebisha, ikatoa shukrani kwa mdau mmoja bila kumtaja. Bi Muhuri alimsomea tangazo hilo.

“Hiyo ni alama ngapi?” mzee aliuliza.

“Hakuna, Mwalimu. Wewe huna leseni.”

“Hata nusu?”

“Hata nusu.”

Mzee alitikisa kichwa, akacheka bila sauti, mabega yakitikisika. Nje kiwanda cha matofali kilikuwa kinafunga, wafanyakazi wanapita dirishani wakiongea. Alimwambia asogeze kiti karibu, maana masikio nayo yameanza visa, na asome ile sura ya udongo wa mfinyanzi polepole, asiruke majedwali.

Bi Muhuri alivaa miwani yake, akatafuta mstari, akaanza.